Waliokosa Hawahesabiwi

Nyangoto inapotajwa katika ofisi za Dodoma au vijiwe vya Mwanza, hasara za wakazi wake hupewa sababu mbili: tamaa na ukosefu wa elimu. Mtu amechimba duara, yaani shimo la dhahabu, miaka mitatu bila kupata kitu, basi ana tamaa. Mwingine amekopa, akajenga vibanda, akasubiri fidia ambayo haikuja, basi hakusoma. Maelezo hayo ni mepesi, na yanampendeza anayeyatoa kwa sababu yanamweka upande wa wenye busara. Mimi nashikilia hoja nyingine. Watu wa Nyangoto wanafikiri kama wanavyofikiri mawaziri, wanasheria wa kampuni na madaktari bingwa. Kinachowaponza ni kwamba ushahidi unaowafikia umeshachujwa kabla hawajauona. Aliyepata anaonekana, aliyekosa amekwisha kuondoka. Namba iliyotajwa mwanzo inaendelea kusikika hadi mwisho wa mazungumzo. Matokeo ya uamuzi wa leo yanakuja baada ya miaka, wakati hakuna tena anayekumbuka uamuzi ulifanywa kwa hesabu gani. Penye mazingira ya namna hiyo hata akili nzuri hupinda, na semina ya siku moja haiinyooshi.

Nyangoto ni kijiji kilichokua kikawa mji mdogo katika kata ya Matongo, wilaya ya Tarime, mkoani Mara. Wengi huliita eneo lote hilo Nyamongo. Kusini unapita Mto Mara, na ng'ambo ni wilaya ya Serengeti. Wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta dhahabu hapo kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002. Tangu wakati huo mgodi umepita mikononi mwa Afrika Mashariki Gold Mines, Placer Dome, Barrick mwaka 2006, African Barrick Gold mwaka 2010, Acacia mwaka 2014, kisha Barrick tena mwaka 2019. Kila jina jipya lilileta matarajio mapya kuhusu ajira, fidia na mipaka, na kila mara wananchi walilazimika kukisia mwenye mgodi anakusudia nini. Kukisia ndiyo kazi ya akili inayochunguzwa hapa.

Elimu ya miegemeo ya akili, yaani makosa ya hukumu yanayojirudia kwa mpangilio uleule, ilipata msingi wake mwaka 1974, Amos Tversky na Daniel Kahneman walipochapisha makala katika jarida la Science. Walionyesha kwamba mtu anayetakiwa kukadiria jambo asilolijua hapigi hesabu. Hushika njia za mkato. Hutazama mfano unaomjia haraka kichwani, au jinsi kitu kinavyofanana na kingine anachokijua, au namba aliyotangulia kuisikia. Mara nyingi njia hizo humfikisha anakokwenda. Zinapopotosha, huwapotosha watu wote kuelekea upande mmoja, na kwa hiyo makosa yao hayafutani hata wakiwa maelfu. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mwegemeo na bahati mbaya ya mtu mmoja.

Mfano wa kwanza ni duara lenyewe. Juni 2020, huko Mirerani, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali vipande viwili vya tanzanite, kimoja cha zaidi ya kilo 9 na kingine cha zaidi ya kilo 5, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Rais John Magufuli alimpigia simu mbele ya kamera. Ndani ya siku moja Tanzania nzima ilijua jina lake, na kila mchimbaji, awe wa tanzanite au wa dhahabu, alipata sura ya kuiwazia. Hakukuwa na uongo wowote katika habari ile. Tatizo lake ni kwamba ilikuja peke yake. Hakuna kituo cha redio kilichotangaza siku hiyohiyo idadi ya wachimbaji waliopanda kutoka mashimoni mikono mitupu, na isingewezekana, kwa sababu hakuna aliyewahesabu. Akili hukadiria uwezekano wa jambo kwa wepesi wa kulikumbuka, na mtu mmoja mwenye jina ni rahisi kukumbukwa kuliko umati usio na majina. Katika machimbo ya dhahabu ushahidi huchujwa hivyo kila siku hata bila kamera. Aliyepiga mwamba wenye dhahabu hubaki, hujenga, hununua pikipiki, huoa, huwalipa vijana wa karasha, mashine ya kusaga mawe. Aliyekosa huuza koleo lake na kupanda basi kwenda machimbo mengine au kurudi kwao Rorya, Kahama, Bunda. Mgeni anayefika Nyangoto leo anakutana na waliobaki, na waliobaki ndio waliopata. Anaweza kuhoji kila mtu barabarani kwa uaminifu kabisa akaishia na jibu lisilo sahihi.

Akishaingia shimoni, mwegemeo wa pili humngoja. Tufikirie duara lililofika mita 25. Mwenye duara ameshalipia magogo ya kukinga kuta, pampu ya kutolea maji, baruti, na chakula cha vijana wake. Mfadhili amekwisha kutoa milioni 6. Viroba vya mawe vilivyopelekwa kusagwa vimerudi na chembe ambazo hazilipi hata mafuta ya jenereta. Swali la haki kwa hesabu ni moja: mita tano zinazofuata zitagharimu kiasi gani, na kuna dalili gani kwamba zina dhahabu? Swali linaloulizwa kwenye kikao cha jioni huwa lingine: tumetoa milioni 6, tuziache? Fedha iliyokwisha kutumika haitarudi, iwe wanaendelea au wanaacha, lakini ndiyo inayoamua. Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walieleza jaribio lililofanywa katika ukumbi wa maigizo wa chuo kikuu kimoja cha Ohio: baadhi ya wanunuzi wa tiketi za msimu walipewa punguzo bila kulitarajia, wengine walilipa bei kamili. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi, ingawa michezo ilikuwa ileile na viti vilevile. Walikuwa wakiifuata fedha yao. Mchimbaji wa Nyangoto na mpenda maigizo wa Marekani hawana wanachofanana isipokuwa hicho, na hicho kinatosha kutuonyesha kwamba suala si elimu.

Ila machimbo yana jambo linalozidisha kosa hili. Kila baada ya muda kuna duara ambalo lilikuwa karibu kuachwa kisha likatoa. Hadithi hiyo ni ya kweli na inasimuliwa kila kijiwe. Maduara mia yaliyoendelea kuchimbwa baada ya hatua ileile yasitoe kitu hayasimuliwi, maana hakuna cha kusimulia. Kwa hiyo mwegemeo wa kufuata hasara hulishwa na mwegemeo wa kuwaona waliofaulu tu, na miwili hiyo ikikutana, kukata tamaa huonekana kuwa ndilo kosa pekee ambalo mchimbaji anaweza kulifanya.

Mfano wa tegesha, yaani kujenga na kupanda kwa ajili ya fidia, ni tajiri zaidi kwa uchambuzi, kwa sababu hapo pana hoja nzito ya upande wa pili. Ardhi inayodhaniwa kwamba mgodi utaitwaa hujengwa haraka ili mthamini atakapofika akute kitu cha kuhesabu. Ukuta wa tofali moja, mabati mepya, sakafu ya udongo. Hakuna jiko, hakuna choo, hakuna njia iliyokanyagwa kuelekea mlangoni. Pembeni, miche iliyobanana kuliko mkulima yeyote anavyoweza kuipanda akitaka kuvuna. Kampuni huuita huu ulaghai. Mchumi anaweza kuuita kamari yenye akili, na anastahili kusikilizwa. Tuseme, kwa mfano tu, kibanda kinagharimu milioni 2 na fidia yake ni milioni 8. Anayejenga anahitaji nafasi moja tu kati ya nne ili asipate hasara. Katika eneo ambalo mazao yana thamani ndogo, ajira ya mgodini haimfikii kila mtu, na dhahabu iliyo chini ya shamba la babu inachukuliwa na wengine, kwa nini mtu asijaribu? Ukiitazama hivyo, tegesha si kosa la akili hata kidogo.

Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Hesabu ni sahihi; swali ni ile robo imetoka wapi. Mjenzi huitoa kwa waliolipwa anaowafahamu, ambao wengi wao walilipwa kwa nyumba walizoishi na mashamba waliyolima kweli, kabla uthamini haujawa mkali. Pili, haweki hesabuni muda. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya kuidhinishwa, la sivyo iongezewe riba, na uthamini usiolipwa kwa miaka miwili hupoteza nguvu. Lakini saa hiyo inaanza kuhesabu baada ya kuidhinishwa, na mivutano ya Nyamongo kuhusu nani ahesabiwe na kwa thamani gani imewahi kuchukua miaka. Mkopo wa mjenzi haukusubiri. Tatu, na hili ndilo kubwa, hawezi kuona jinsi uamuzi wake unavyofungamana na wa jirani. Colin Camerer na Dan Lovallo walichapisha mwaka 1999 majaribio ambamo watu waliingia kwenye ushindani wa biashara wakitegemea ustadi wao, wakasahau kwamba wenzao nao wamejiamini vilevile. Wengi wakapata hasara kwa pamoja. Vibanda vikiwa ishirini, huenda mgodi ukalipa na kusonga mbele. Vikiwa maelfu, gharama ya eneo inapanda hadi mgodi uone afadhali kubadili mpango. Na North Mara ilikuwa na njia nyingine: mwaka 2015 ilianza kuchimba chini ya ardhi huko Gokona, na uchimbaji wa chini hauhitaji eneo la juu kama shimo la wazi linavyohitaji. Mpango wa uchimbaji ndio ushahidi uliokuwa na uzito kuliko mwingine wote katika hesabu ya tegesha, nao ulikuwa katika makabati ya kampuni. Mwananchi alikisia kwa kutazama magari ya upimaji na kusikiliza tetesi. Tukimlaumu kwa kukisia vibaya tunasahau nani alikuwa na ramani.

Yanayotokea kwenye dhahabu yalitokea pia kwenye uhai wenyewe, upande wa pili wa hifadhi ya Serengeti. Mwaka 2011 mamia ya magari yalipanga foleni kuelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyewapa watu kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Walikwenda wakulima, walikwenda wabunge na mawaziri. Shuhuda zilikuwa nyingi na nyingine zilitolewa kwa moyo safi, kwani maradhi mengi hupanda na kushuka, na mtu hufunga safari pale anapozidiwa; baada ya kilele nafuu huja mara nyingi hata asingekunywa kitu. Aliyepata nafuu alirudi akasimulia. Aliyeacha vidonge akafa hakuweza kusimulia. Nautaja mkasa huu kwa sababu unamaliza ile dhana kwamba makosa ya namna hii ni ya wachimbaji. Ushahidi ukichujwa vilevile, msomi na asiyesoma hupanga foleni moja.

Namba za mwanzo nazo zina nguvu zake. Katika jaribio mojawapo la Tversky na Kahneman, watu walizungushiwa gurudumu lililosimama kwenye 10 au 65, kisha wakaulizwa nchi za Afrika ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa. Walioona 10 walikadiria, kwa wastani wa kati, 25. Walioona 65 walikadiria 45. Walijua gurudumu halina uhusiano na swali, hata hivyo liliwavuta. Tanzania ilipata gurudumu lake Julai 2017, Acacia ilipopelekewa madai ya kodi, riba na faini ya dola bilioni 190, yaliyohusu Bulyanhulu na Buzwagi, migodi dada ya North Mara. Namba hiyo ilizidi pato la taifa la mwaka mzima mara kadhaa. Mgogoro ulipomalizwa, malipo yaliyokubaliwa yalikuwa dola milioni 300, pamoja na hisa za asilimia 16 kwa Serikali katika migodi na kampuni ya pamoja ya Twiga. Mwananchi alipimaje matokeo hayo? Kwa kuyalinganisha na 190, na hapo yalionekana kichekesho. Angeyalinganisha na kodi ambayo migodi hiyo iliwahi kulipa kwa mwaka, angekuwa na swali lenye maana, zuri au baya. Atasema mtu kwamba namba kubwa ni mbinu ya kawaida ya majadiliano. Ndiyo, na mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu akili hushikamana na namba ya kwanza. Bei ya ekari inayotajwa kwa mara ya kwanza kwenye mkutano wa kijiji, hata ikitajwa na mtu asiye na mamlaka, hufanya kazi hiyohiyo Nyangoto, na mthamini anayefika baadaye na takwimu zake huonekana mwizi kabla hajafungua daftari.

Kisha kuna maji. Machi 2022 samaki walikufa kwa wingi katika Mto Mara, chini kuelekea Kirumi. Kabla maji hayajapimwa, hukumu ilikuwa tayari: ni sumu ya mgodi. Kamati iliyoundwa na Serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilisema oksijeni iliisha majini kwa sababu ya uozo wa mimea na kinyesi na mkojo wa mifugo. Nchi nzima ilicheka. Lakini maelezo ya kukosekana kwa oksijeni hayakuwa ya kuchekesha. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakifuatilia Mto Mara upande wa Kenya walikuwa wamechapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kinyesi cha viboko, kikikusanyika kwenye madimbwi kisha kikasombwa na mafuriko, hunyonya oksijeni ya mto na kuua samaki. Jambo lililopokewa kama dhihaka lilikuwa na kielelezo katika mto uleule. Je, waliocheka walikosea? Hapa uchambuzi unahitaji subira. Mwaka 2009 wakazi wa Nyamongo walilalamika kwamba maji ya Mto Tigithe, unaoingia Mto Mara, yamechafuliwa na mgodi. Mei 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la tope sumu. Mtu aliyeishi na historia hiyo ana haki ya kushuku mgodi kwanza. Kuanza na shaka juu ya aliyewahi kukutwa na kosa ni busara. Mwegemeo unaanzia hatua inayofuata, pale kila kipimo kinapogeuzwa uthibitisho. Sampuli ikiwa na sumu, mgodi una hatia. Ikiwa safi, imechezewa. Imani iliyojipanga hivyo haiwezi kupotea hata ikiwa ya uongo. Peter Wason alionyesha mwaka 1960 kwamba watu waliopewa 2, 4, 6 na kuombwa watafute kanuni iliyozaa namba hizo walipendekeza zaidi mifano ya kuunga mkono dhana yao, na wachache walijaribu mfano wa kuivunja. Serikali nayo ilifanya kosa lake. Ilitangaza hitimisho kwa watu waliokuwa na sababu ya kutoliamini, badala ya kukubaliana nao mapema, kabla sampuli hazijachukuliwa, nani atazipima na matokeo gani yatamaanisha nini.

Kosa la mwisho ninalotaka kulishughulikia limegharimu damu. Mei 16, 2011 watu wengi waliingia mgodini kutafuta mawe yenye dhahabu, polisi wakafyatua risasi, na watu wasiopungua watano wakauawa. Kampuni iliwaita walioingia wavamizi, na katika masimulizi yake sababu ilikuwa uhalifu wa watu hao. Vijijini, sababu ilikuwa ukatili wa walioshika bunduki. Lee Ross mwaka 1977 aliutaja mwelekeo huu kuwa kosa la msingi la kueleza matendo: tendo la mwingine tunalieleza kwa tabia yake, tukipuuza hali iliyombana. Kijana aliyeingia alibanwa na kupotea kwa machimbo yaliyomlisha baba yake. Askari alibanwa na idadi, amri na hofu. Kusema hivyo hakufuti wajibu wa mtu aliyefyatua risasi, na mimi sioni hali yoyote inayohalalisha kuuawa mtu kwa sababu ya mawe. Lakini aliyeamini kwamba tatizo ni tabia ya watu wa Nyamongo alijenga ukuta wa zege kuzunguka mgodi, na watu waliendelea kuingia, kwa kuwa hali iliyowasukuma ilikuwa palepale. Kesi iliyofunguliwa London mwaka 2013 na baadhi ya waathirika ilimalizwa kwa suluhu mwaka 2015, bila mahakama kutamka nini hasa kilitokea. Waliolipwa walihitaji kulipwa. Hata hivyo hukumu iliyokosekana iliacha kila upande na simulizi lake, na hivyo ushahidi ambao ungeweza kusahihisha pande zote mbili haukufika kwa yeyote.

Kuna pingamizi zito kwamba elimu hii yote imetokana na wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, na haiwezi kuhamishiwa kwa Wakuria, Wajaluo na Wangoreme. Joseph Henrich na wenzake walilitolea hoja jambo hilo kwa nguvu mwaka 2010, nao wana haki. Bahati nzuri Tanzania ina jibu lake lenyewe. Coren Apicella na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na kuwapa biskuti au viberiti vya gesi, kisha wakawaruhusu kubadilishana. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Wahadzabe walioishi mbali na soko walibadilishana kama inavyotarajiwa kwa mtu asiyejali amepewa kipi. Wale walioishi karibu na utalii na biashara walishikilia walichopewa, kama walivyofanya wanafunzi wa Marekani walipopewa vikombe katika majaribio ya awali. Kwa hiyo kushikamana na mali uliyo nayo si sehemu ya ubongo wa binadamu kila mahali kwa kiwango kilekile. Mazingira hukuza au hufifisha. Pingamizi, likichukuliwa kwa uzito, linaimarisha hoja yangu. Mwegemeo ukiwa zao la mazingira, ni mazingira ya kurekebishwa, na soko la dhahabu ni mazingira makali kuliko biskuti.

Gerd Gigerenzer amepinga kutoka upande mwingine: njia za mkato ni werevu wa binadamu, na watafiti huzitega kwa maswali ya hila. Nakubaliana naye pia kwa sehemu kubwa. Mfugaji wa Serengeti anayesoma mawingu au anayetambua ng'ombe wake kwa mbali anatumia njia ya mkato iliyonolewa, kwa kuwa kila siku anapata jibu: mvua imenyesha au haikunyesha, ng'ombe ni wake au si wake. Duara, tegesha na mto havimpi mtu jibu la haraka, na wakati mwingine havimpi jibu kabisa. Tofauti haiko kwa mtu. Iko kwenye jibu.

Ndiyo maana sina imani na dawa ya kuwaelimisha wananchi kama inavyotolewa kawaida. Baruch Fischhoff, aliyechunguza katika miaka ya 1970 jinsi watu wanavyojiona walijua tangu mwanzo baada ya jambo kutokea, alikuta kwamba kuwaonya dhidi ya kosa hilo kulisaidia kidogo sana. Kinachosaidia ni utaratibu unaoleta ushahidi mezani bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Kwa ujumla wa hospitali hizo, kama ilivyochapishwa mwaka 2009, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari wale hawakufundishwa upasuaji upya. Walilazimika kutaja kwa sauti, kabla ya kisu, mambo ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshayahakikisha.

Nyangoto inaweza kuwa na vya kwake. Mfadhili na mwenye duara wanaweza kuandikiana, siku ya kwanza na mbele ya mashahidi, kina ambacho wakikifikia bila kipimo fulani cha dhahabu wataacha. Siku hiyo milioni 6 bado hazijatoka, na vichwa bado havijafungwa nazo. Halmashauri ya kijiji, ambayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua kama msimamizi wa ardhi yake, inaweza kubandika ubaoni takwimu za kila zoezi la uthamini: maombi mangapi yalihesabiwa, mangapi yalikataliwa na kwa sababu gani, na ilichukua miezi mingapi hadi malipo. Takwimu hizo zina ukweli ambao hakuna kijiwe kinachoweza kuukusanya. Kampuni itasema kuweka mipango ya upanuzi wazi kutachochea tegesha zaidi. Naona kinyume: tegesha hustawi kwa tetesi, na tarehe ya ukomo iliyotangazwa pamoja na ramani huiua kuliko ukuta. Wengine watasema hakuna mtu atakayekubali kuandikwa kuwa amekosa, kwani ni aibu. Majina hayahitajiki; inatosha idadi, na idadi inaweza kukusanywa kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu na makarasha, ambako viroba vya kila duara hupita na kulipiwa. Wakuria wana ritongo, ambapo mambo ya wote husikilizwa mbele ya wote, na hapo idadi hiyo inaweza kusomwa mara mbili kwa mwaka: maduara yaliyofunguliwa, yaliyorudisha gharama, yaliyofungwa. Kijana wa miaka 18 anayefikiria kuuza ng'ombe wa mahari ili anunue pampu angekwenda kuisikiliza kabla ya kuamua, na bado angekuwa huru kuuza.